Masafa ya Motokaa ya Umeme Yatajwe Pamoja na Mwendo Wake

Mwezi wa Desemba 2010 kampuni ya Nissan ilianza kuuza katika nchi za Japani na Marekani motokaa ya umeme iitwayo Leaf. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24. Mnunuzi wa Japani aliambiwa kwamba betri hiyo ikijazwa mara moja motokaa ingekwenda kilometa 200. Mnunuzi wa Ulaya alitajiwa kilometa 175. Mnunuzi wa Marekani alisoma, katika karatasi iliyobandikwa kiooni, maili 73, yaani kilometa 117. Motokaa ni ile ile na betri ni ile ile. Wala hakuna hata mmoja miongoni mwa waliotoa tarakimu hizo aliyesema uongo. Kila mmoja alipima kwa kufuata ratiba iliyowekwa na sheria ya mahali pake.

Jambo hili lingeweza kuachwa libaki kuwa kichekesho cha wahandisi, lau motokaa hizo zingebaki kule zilikopimiwa. Hazikubaki. Leaf zilizokwisha kutumika Japani zimeingizwa Kenya na kuuzwa tena, na tarakimu zake zimesafiri pamoja nazo. Mtu anayeinunua Mombasa hana njia ya kujua kwamba zile kilometa 200 zilipimwa kwa ratiba ambayo wastani wa mwendo wake ni kilometa 24 kwa saa, na ambayo haivuki kilometa 82 kwa saa hata mara moja. Huo ni mwendo wa mjini penye taa na foleni. Katika barabara kuu itokayo Voi kwenda Mtito Andei hakuna aendaye hivyo, isipokuwa lori lililozidiwa na mzigo.

Ni dhahiri basi kwamba tarakimu ya masafa isiyofuatana na mwendo uliotumika kuipima ni nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye madhara. Wauzaji wa motokaa za umeme wanapaswa kutakiwa waseme, kwa kila aina ya motokaa, inatumia umeme kiasi gani kwa kila kilometa 100 inapokwenda kwa mwendo usiobadilika wa barabara kuu. Kipimo hicho si kigumu, wala hakihitaji maabara ya mamilioni.

Kwanza yafaa kueleza ni kwa nini ratiba zilizopo hazitoshi. Ulaya iliachana na ratiba yake ya zamani, yenye wastani wa kilometa 33.6 kwa saa, kuanzia Septemba 2017. Ratiba iliyoshika nafasi yake, ijulikanayo kwa herufi WLTP, ni bora zaidi: huchukua dakika 30, huenda kilometa 23 na kidogo, na mwishoni hufika kilometa 131 kwa saa kwa muda mfupi. Hata hivyo wastani wake, visimamo vikihesabiwa, ni kilometa 46.5 kwa saa. Sehemu yake ya kasi kuliko zote huchukua muda usiofika dakika 6, na ina wastani wa kilometa 92 kwa saa. Kisha matokeo ya sehemu zote huchanganywa, na tarakimu inayotangazwa mbele ya mnunuzi aghalabu ni moja tu. Ni kama mtu aliyeuliza bei ya nyama akajibiwa bei ya wastani ya vitu vyote vya sokoni.

Marekani hali ni ya namna nyingine. Ratiba yao ya barabara kuu ilitungwa katika miaka ya 1970, zama ambazo sheria ya nchi nzima, iliyotiwa saini Januari 1974 kwa sababu ya uhaba wa mafuta, ilikataza kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kilometa 88 na nusu. Wastani wa ratiba hiyo ni kilometa 77.7 kwa saa na kilele chake ni 96.5. Sheria ya maili 55 ilifutwa mwaka 1995, na leo barabara nyingi za huko huruhusu kilometa 113 kwa saa na zaidi; ratiba imebaki. Ili kuitibu, watengenezaji wa motokaa za umeme wameruhusiwa kuzidisha masafa yaliyopatikana maabara kwa 0.7, ndipo wayatangaze. Dawa hiyo ina nia njema, na ndiyo sababu mojawapo tarakimu ya Marekani ilikuwa ndogo kuliko zile nyingine. Lakini kupunguza asilimia 30 kwa kila gari, liwe na umbo la samaki au la kabati, si kupima.

Kiini cha jambo lote ni hewa. Motokaa inayokwenda kwa mwendo usiobadilika katika barabara tambarare hushindana hasa na vitu viwili. Cha kwanza ni tairi zake zenyewe. Kila tairi inapoviringika hubonyea ardhini na kurudi katika umbo lake, na kila mara nishati kidogo hupotea kwa kugeuka joto. Ukinzani huu hutegemea uzito wa gari na upepo uliojazwa katika tairi, na haubadiliki sana mwendo ukiongezeka. Cha pili ni hewa, ambayo gari halina budi kuisukuma kando ili lipate nafasi ya kupita. Ukinzani wa hewa haukui sambamba na mwendo. Hukua kwa mraba wake. Mwendo ukizidishwa mara mbili, hewa hukinza mara nne.

Ichukuliwe motokaa ya mfano, isiyo ya kampuni yoyote, yenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na abiria. Tairi zake hukinza kwa sehemu 1 katika 100 ya uzito huo, na eneo lake la mbele likizidishwa kwa kizigeu cha umbo lake hutoa mita za mraba 0.6. Hizo ni tarakimu za kawaida kwa motokaa ya siku hizi ya familia. Kani ya tairi huwa nyutoni 177 wakati wote. Kani ya hewa, kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ni nyutoni 69 tu. Dereva wa mjini anaweza kuisahau. Kwa kilometa 90 hufika nyutoni 225, nayo sasa imekwisha kuzipita tairi. Kwa kilometa 110 ni 336, na kwa kilometa 130 ni 469.

Kani hizo zikijumlishwa na kuzidishwa kwa umbali, kisha kikaongezwa kile kinachopotea katika mota na kile kinachotumiwa na taa, pampu na feni, matumizi ya motokaa hii kutoka katika betri huwa kama kilowati-saa 13 kwa kila kilometa 100 kwa mwendo wa 90. Huwa karibu 17 kwa mwendo wa 110. Na karibu 21 kwa mwendo wa 130. Ikiwa betri ina kilowati-saa 60 zinazoweza kutumika, masafa yake ni kama kilometa 450, au 360, au 290. Tofauti ya kilometa 160 imetokana na mguu wa dereva peke yake, bila mlima, bila mzigo, bila upepo, na bila kosa lolote la mtengenezaji.

Hapa dereva aliyezoea petroli huona kama amedhulumiwa. Maisha yake yote amejua kwamba gari hunywa sana mjini na hunywa kidogo safarini. Sasa anaambiwa kinyume chake. Maelezo yake si kwamba sheria za maumbile zimebadilika. Hewa iliikinza motokaa ya petroli vile vile. Ila injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kwa njia ya joto, na hupoteza vibaya zaidi inapofanya kazi ndogo, kama katika foleni. Safarini injini hiyo hupata mzigo unaoifaa, ufanisi wake hupanda, na kupanda huko huficha sehemu ya gharama ya hewa. Mota ya umeme haina cha kuficha. Ufanisi wake ni mkubwa karibu katika kila mwendo, na dereva afungapo breki mjini sehemu ya nishati hurudishwa betrini. Kwa hiyo mjini hutumia kidogo sana, na barabarani gharama ya hewa huonekana wazi, uniti kwa uniti.

Tena kuna jambo la kiasi. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Betri ya kilowati-saa 60, ambayo si ndogo, ina nishati ya lita zisizofika 7. Motokaa ya umeme huweza kwenda mbali kwa nishati hiyo kwa sababu haiitupi ovyo, lakini tangi lenyewe ni dogo. Mwenye tangi la lita 50 akikosea hesabu kwa theluthi moja husimama kwenye kituo kinachofuata na kununua mafuta kwa dakika 5. Mwenye lita 7 akikosea kwa theluthi hiyo hiyo huenda akalala njiani.

Kipimo cha haki basi kifanywe vipi? Katika maabara motokaa hufungwa juu ya rola zinazoigiza ukinzani wa barabara. Lakini rola hazijui ukinzani huo mpaka ziambiwe, na tarakimu za kuziambia hupatikana nje, katika barabara ndefu iliyonyooka. Motokaa huendeshwa kwa kasi, kisha huwekwa gia huru na kuachwa ijiendee yenyewe, huku muda ukipimwa inavyopungua mwendo kutoka hatua moja hadi nyingine. Kutokana na uzito wa gari na kasi ya kupungua huko, kani ya ukinzani hujulikana. Ni njia ya zamani na ya kupendeza, ambayo hata wanafunzi wa chuo cha ufundi wanaweza kuifanya wakiwa na saa na barabara salama isiyo na magari mengine. Katika motokaa ya umeme tahadhari moja ni ya lazima: mota isiachwe ikarudisha umeme betrini, kwani hapo itakuwa imegeuka breki, na matokeo yote yataharibika.

Njia ya pili ni kupima barabarani moja kwa moja, na hii ndiyo inayofaa zaidi kwa madhumuni yanayozungumzwa hapa. Betri hujazwa kabisa. Motokaa huendeshwa kilometa 20 au 30 za kwanza bila kuhesabiwa, ili tairi na mafuta ya gia vipate joto. Kisha huenda kilometa 50 hivi kwa mwendo mmoja, na kurudi kwa njia ile ile kwa mwendo ule ule. Kurudi si jambo la hiari. Ikiwa mwisho wa njia uko chini ya mwanzo wake kwa mita 100 tu, motokaa ya kilo 1,800 huwa imepewa na mteremko karibu nusu ya kilowati-saa. Kwa safari ya kilometa 50 hilo ni kosa la kilowati-saa 1 kwa kila kilometa 100, nayo si haba.

Upepo ni mdanganyifu zaidi ya mlima. Wengi hudhani kwamba kwenda na kurudi hufuta athari yake. Haifutiki yote. Motokaa inayokwenda kilometa 100 kwa saa, ikikutana na upepo wa kilometa 20 kwa saa, hukinzwa na hewa kana kwamba inakwenda 120, yaani mara 1.44. Ikirudi na upepo huo mgongoni hukinzwa kana kwamba inakwenda 80, yaani mara 0.64. Wastani wa hizo mbili ni 1.04, wala si 1. Siku ya upepo mkali, basi, si siku ya kupima. Wala motokaa inayopimwa isikae nyuma ya lori, kwa kuwa lori humpasulia hewa aliye nyuma yake bila kumdai chochote.

Mwendo wenyewe nao usisomwe katika dashibodi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi huifuata, hukataza saa ya mwendo kuonyesha pungufu ya mwendo wa kweli, lakini huiruhusu kuzidisha. Watengenezaji kwa kujihadhari huiacha izidishe kidogo. Motokaa inayoonyesha 110 ikiwa kwa kweli inakwenda 105 hukinzwa na hewa pungufu kwa karibu sehemu 1 katika 10 ya ilivyodhaniwa, na sifa isiyo yake ikaandikwa katika daftari. Mwendo wa setilaiti, ambao hata simu ya mkononi huonyesha, waaminika zaidi.

Mwishoni betri hujazwa tena kwa chaja iliyopitishwa katika mita ya umeme. Hapa hutokea tarakimu mbili, na zote mbili zahitajiwa. Dashibodi huonyesha kilichotoka betrini. Hicho ndicho kiamuacho masafa. Mita ya ukutani huonyesha uniti alizonunua mwenye gari, nazo huwa nyingi zaidi, mara nyingi kwa sehemu moja katika kumi hivi, kwa sababu chaja na betri hupata joto wakati wa kujazwa. Hicho ndicho kiamuacho gharama. Muuzaji anayelinganisha bei ya petroli na tarakimu ya dashibodi anafanya biashara, hafanyi hesabu.

Watengenezaji husema, na si bila sababu, kwamba ratiba za sheria hazikukusudiwa kutabiri safari ya mtu fulani. Zilikusudiwa kulinganisha gari na gari. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Magari mawili yaweza kulingana mjini na kupitana sana barabarani, kwa kuwa mjini uzito hutawala na barabarani umbo hutawala. Kulinganisha kwa mwendo wa kilometa 46 ni kulinganisha jambo ambalo msafiri hakuliuliza. Hata kampuni zenyewe zikitaka kujisifu kwa safari ndefu huijua siri hii. Aprili 2022 kampuni ya Mercedes-Benz iliendesha motokaa yake ya majaribio EQXX kutoka Sindelfingen, Ujerumani, mpaka Cassis, Ufaransa, zaidi ya kilometa 1,000 bila kujaza betri, kwa matumizi ya kilowati-saa 8.7 kwa kila kilometa 100. Ni kazi kubwa ya uhandisi, hasa ya umbo, na yastahili sifa zake. Na kwa heshima yao kampuni ilitangaza pia wastani wa mwendo: kilometa 87.4 kwa saa. Msomaji aliyepewa tarakimu zote mbili aweza kujipimia ajabu hiyo ni kubwa kiasi gani. Ni uungwana huo huo unaotakiwa kwa motokaa za kawaida.

Kwa Afrika Mashariki kuna mambo mengine mawili ya kuongeza. La kwanza ni mwinuko. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilometa 480, na msafiri hupanda takriban mita 1,700. Ile motokaa ya mfano huhitaji zaidi ya kilowati-saa 8 kwa kupanda huko pekee, nje ya hewa na tairi. Ni karibu sehemu moja katika saba ya betri yake. Kwa upande mwingine hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 au zaidi, na ukinzani wake hupungua kwa kiasi hicho. Anayeteremka kwenda Mombasa hurudishiwa karibu deni lote la mlima, kwa sababu mteremko wenyewe ni wa taratibu na hauhitaji breki mara kwa mara. Mambo hayo yote yaweza kukadiriwa kwa karatasi na kalamu na mtu yeyote aliye na tarakimu ya msingi: matumizi katika tambarare, kwa mwendo uliotajwa. Asipokuwa nayo, hana pa kuanzia.

La pili ni ukuukuu. Wanunuzi wengi wa hapa hawanunui motokaa mpya. Betri ya umeme hupungua uwezo kadiri miaka inavyopita, na upungufu huo hutofautiana gari kwa gari kulingana na joto na matumizi. Kwa hiyo masafa yaliyotangazwa siku motokaa ilipokuwa mpya hayana thamani tena. Matumizi kwa kila kilometa 100, kinyume chake, hayazeeki hivyo. Hewa hukinza motokaa kuukuu sawasawa na mpya. Tarakimu ya masafa hufa pamoja na betri, na tarakimu ya matumizi hubaki.

Mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, ambayo yote mawili yana umri wa karibu nusu karne, yangeweza kuagiza kwamba kila motokaa ya umeme inayouzwa ibandikwe karatasi yenye matumizi yake kwa mwendo wa kilometa 50, 90 na 110 kwa saa, na kwamba iliyokwisha kutumika ipimwe pia kiasi cha umeme ambacho betri yake bado inaweza kushika. Waagizaji watasema ni mzigo. Lakini kipimo cha mwendo hufanywa mara moja kwa kila aina, si kwa kila gari. Na kipimo cha betri ni cha kuijaza, kuitumia na kuijaza tena. Vyuo vya ufundi vina walimu na vina wanafunzi wa kuifanya kazi hiyo.

Mnunuzi hapo angebakiwa na kazi ya kugawanya tu. Motokaa ambayo betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24 ilipotoka kiwandani, na sasa imebakiwa na 16 za kutumika, ikiwa karatasi yasema hutumia 16 kwa kila kilometa 100 kwa mwendo wa 90, itakwenda kilometa 100 mpaka izimike kabisa. Kutoka Voi hadi Mtito Andei ni karibu kilometa 100, na njia inapanda.